Mahudhurio

Jumanne, saa nane, darasa la juu pale Tudor,
feni imekufa tangu muhula uliopita
na kunguru wamejipanga ukingoni mwa dirisha
kama wasimamizi wa mtihani.
Dakta Mwanyalo hakuleta picha.
Picha mshaziona, alisema, mkazizoea.
Alileta daftari.

Nakala ya daftari la shule, mji mdogo wa Ulaya,
watoto ishirini na tisa, darasa la tatu.
Tukayasoma majina kwa zamu, tukiyavunjavunja:
Rivka. Mendel. Feiga. Hersh.
Tena, akasema. Huyu alikuwa na jina.
Tukarudia, hadi ulimi ukakubali.

Januari, tiki. Februari, tiki.
Machi, surua: Feiga siku nne hakuja.
Kisha likizo, na baada ya likizo
mistari kumi na mmoja haina kitu.
Mwalimu wa kule hakuyakata majina.
Aliyaacha tu.
Akaendelea na hesabu za kuzidisha.

Mwakireti akainua mkono:
Dakta, yatuhusu nini? Mimi maishani mwangu
sijaonana na Myahudi hata mmoja.
Ndiyo maana nakuuliza, Dakta akajibu,
hilo neno ulilitoa wapi?

Basi tukapewa vipande vya karatasi:
andika neno la nyumbani kwenu, la kumwita asiye wenu.

Kwetu Kisauni, mjomba akipunjwa mizani
husema, Yahudi yule.
Nyanya akinyimwa chumvi: ana roho ya Kiyahudi.
Nami nilimwambia hivyo Tima, tuna miaka saba,
aliponinyima kashata.
Sikujua ni watu.
Nilidhani ni tabia.

Ubao ukajaa. Magugu. Madoadoa. Kunguni.
Mengine siyaandiki hapa.
Chaki ikakatika, Dakta akaokota kipande, akaendelea.

Shariffa akasimama, sauti inatetemeka:
na wanaouawa leo, tunaowaona kwenye simu?
Hakukemewa.
Uliza, Dakta akasema, na ulie pia,
chozi la huyu halikaushi la yule.
Lakini hasira yako na dola
usimtwike Hersh, miaka tisa, dawati la pili.
Shariffa akakaa. Hakuridhika, nilimwona.
Lakini jina la Hersh aliliandika.

Halafu Wambugu. Karatasi yake haikuwa ile tuliyogawiwa.
Ilikuwa ya manjano, imekunjwa mara nne,
imelala ndani ya Biblia ya mamake
tangu Likoni, tisini na saba,
ilipopitishwa chini ya mlango usiku:
mwondoke.
Mama alivuka feri na godoro na kaka yangu, akasema.
Mimi sikuwa nimezaliwa.
Nimerithi karatasi.

Nje, mtu alikuwa anapiga mswaki ngoma ya maji,
kwaruza, kwaruza.

Ngowa, wa Likoni yuleyule, aliangalia viatu vyake.
Babangu alikuwako, akasema.
Sijui upande gani.
Sijawahi kumuuliza.

Hakuna aliyemkumbatia mwenziwe. Kengele haikulia.
Tulikusanya mabegi.

Ijumaa, wali na samaki wa kupaka,
mjomba analalamikia mwenye duka: Yahudi yule.
Nikaweka kijiko.
Nikasema, Mjomba, Feiga aliugua surua, akapona, akarudi shule.
Akanitazama kama niliyepandwa na homa.
Feiga ndiye nani?
Nikaanza kusimulia, vibaya, nikianzia katikati.
Nyanya akaniongezea mchuzi.
Kula, utapoa, akasema,
kisha, baada ya kitambo: alikuwa na miaka mingapi?

Jumanne ikarudi. Feni bado. Kunguru bado.
Dakta akaita majina.
Mwakireti. Nipo. Shariffa. Nipo. Wambugu. Nipo.
Ngowa.
Ngowa.

Kalamu ikasimama hewani.
Dakta akalifunga daftari, akavua miwani.
Yuko wapi? akauliza. Nani ana namba yake?
Wambugu alikuwa ameshatoa simu.
Somo halikuendelea.